Wilseder Berg

Wilseder Berg ni kilima cha mchanga katika jimbo la Niedersachsen, kaskazini mwa Ujerumani. Kina urefu wa mita 169 tu juu ya usawa wa bahari, lakini nchi inayokizunguka ni tambarare mno, hata siku ya anga safi aliyesimama kileleni huiona Hamburg, kilomita 40 hivi kuelekea kaskazini. Ndiyo maana mwanahisabati Carl Friedrich Gauss alikitumia katika miaka ya 1820 alipokuwa akipima ardhi ya Ufalme wa Hannover.

Kilima kiliachwa na barafu kuu iliyoteremka kutoka Skandinavia ikisukuma mchanga na mawe.

Miteremko yake imefunikwa na heide, kichaka kifupi kilicho ndugu wa vile vinavyoota Kilimanjaro juu ya ukanda wa msitu. Kuanzia Agosti huchanua, na bonde kwa kilima hugeuka zambarau. Mgeni hudhani hilo ni pori. La hasha! Ni kazi ya watu na mifugo. Kwa karne nyingi wakulima wa vijiji vya Wilsede, Undeloh na Niederhaverbeck walikata heide pamoja na udongo wake wa juu, wakaitandika zizini, kisha wakaipeleka shambani ikiwa imeshiba samadi.

Kazi iliyobaki ni ya kondoo waitwao Heidschnucke. Mwana huzaliwa mweusi tii. Akikua manyoya huwa ya kijivu, uso na miguu ikabaki myeusi, na majike huota pembe kama madume. Hutafuna machipukizi ya misonobari na mibetula. Wakiondolewa, msitu hurudi. Nyuki nao wana sehemu yao: asali ya heide ni nzito kama jeli, haitoki segani kwa kuzungushwa, hivyo hukamuliwa.

Mbolea ya viwandani ilipoingia, heide ilikosa thamani na sehemu kubwa ikapandwa misonobari. Aliyeiokoa ni Wilhelm Bode, mchungaji wa Kilutheri wa kijiji cha Egestorf. Mwaka 1906, bonde la Totengrund lilipokuwa hatarini kujengwa nyumba za mapumziko, alipata fedha za profesa mmoja akalinunua. Mwaka 1910 kilima chenyewe kikanunuliwa ili kihifadhiwe. Hata hivyo, baada ya Vita Vikuu vya Pili vya Dunia vifaru vya Waingereza vilifanya mazoezi katika sehemu za hifadhi hadi 1994.

Magari ya wageni hayaingii Wilsede. Hufikiwa kwa miguu, kwa baiskeli, au kwa gari la farasi kutoka Undeloh.