Karatasi za ukutani zenye nakshi: Hesabu na ukuta kwanza, gundi baadaye

KARATASI za ukutani, ambazo wauzaji na mafundi wengi jijini Dar es Salaam huziita ‘wolpepa’, si pambo la hoteli na ofisi kubwa pekee. Zimeingia sebuleni na katika vyumba vya kulala vya watu wa kawaida, na wapo wanaoamua kuzibandika kwa mikono yao wenyewe ili kuokoa ujira wa fundi.

Uamuzi huo si mbaya. Kazi ya kupaka gundi na kubandika huzoeleka baada ya vipande viwili au vitatu. Hasara kubwa hutokea mapema zaidi: dukani, pale mnunuzi anapohesabu roli kwa kuangalia ukubwa wa ukuta bila kuangalia nakshi, na nyumbani, pale karatasi nzuri inapobandikwa juu ya ukuta wenye unyevu.

Mshonaji wa vitenge anaijua tayari kanuni ya kwanza. Fundi cherehani akiletewa kitenge chenye maua makubwa huomba kitambaa zaidi, kwa sababu ua lililokatwa kwenye mshono lazima likutane na nusu yake ya upande wa pili. Ili likutane, kipande husogezwa juu au chini, na kinachozidi hukatwa na kutupwa. Karatasi ya ukutani ni hivyo hivyo, isipokuwa mshono wake una urefu wa ukuta mzima na hauna mkunjo wa kuuficha.

Kabla ya kulipa, soma lebo. Roli ya kawaida ya vipimo vya Ulaya ina urefu wa mita 10.05 na upana wa sentimita 53, namba zinazoonekana za ajabu hadi ukumbuke kwamba zinakaribiana sana na yadi 11 kwa inchi 21 za Waingereza. Zipo pia roli pana za mita 1.06, na zile za kujibandika kama stika ambazo nyingi zina upana wa sentimita 45. Kwa hiyo bei ya ‘roli moja’ haina maana yoyote kabla ya kujua vipimo vyake.

Kwenye lebo hiyo hiyo kuna alama ndogo za mishale. Mshale ulio pamoja na sifuri una maana kwamba vipande havihitaji kulinganishwa. Mishale miwili inayotazamana katika usawa mmoja ina maana kwamba ua la kipande kimoja hukutana na la jirani yake kwa mstari ulionyooka. Mishale iliyopishana, mmoja juu na mwingine chini, inaonyesha nakshi ya kushuka nusu. Pembeni huandikwa namba, kwa mfano 64, au 64/32. Ya kwanza ni umbali kwa sentimita kutoka ua moja hadi mahali linapojirudia. Ya pili ni kiasi ambacho kipande kinachofuata hushushwa.

Namba hizo ndizo zinazoamua fedha yako. Chukua ukuta mmoja wa chumba cha kulala wenye kimo cha mita 3 na upana wa mita 4. Muuzaji mwenye haraka hupiga hesabu ya eneo: mita za mraba 12, gawa kwa mita za mraba 5.3 za roli moja, jibu ni mbili na robo, basi chukua tatu. Kwa karatasi isiyo na nakshi jibu hilo ni sahihi, ingawa kwa bahati tu.

Hesabu ya kuaminika ni ya vipande. Upana wa mita 4 ukigawiwa kwa sentimita 53 unatoa vipande saba na nusu, yaani vipande 8. Kila kipande kinahitaji mita 3 za ukuta pamoja na sentimita 10 za kukata juu na chini, jumla mita 3.10. Roli moja inatoa vipande vitatu, na roli tatu zinatoa tisa. Kazi imetosha.

Sasa badilisha karatasi, uchukue yenye maua yanayojirudia kila sentimita 90. Kila kipande sharti kianzie mahali pale pale pa ua. Cha kwanza kinaanzia mwanzo wa roli, cha pili kinaanzia mita 3.60, na cha tatu kingeanzia mita 7.20 na kuishia mita 10.30, wakati roli imekwisha kwenye 10.05. Baada ya kukata kipande cha pili unabaki na zaidi ya mita 3 mkononi, urefu unaotosha ukuta, lakini hazikufai kwa sababu ua halianzii mahali pake. Roli inatoa vipande viwili tu, na ukuta ule ule sasa unadai roli nne.

Nakshi ya kushuka nusu ina mtego wa namna nyingine. Tuseme lebo imeandikwa 64/32. Ukikata vipande kwa kufuatana kutoka roli moja, cha kwanza kinaishia mita 3.10, cha pili, ambacho lazima kianzie nusu ya marudio, kinaanza mita 3.52 na kuishia 6.62, cha tatu kinaanza 7.04 na kingeishia 10.14. Kwa upungufu wa sentimita 9, kipande kizima kimepotea. Dawa yake ni kufungua roli mbili kwa wakati mmoja. Roli moja itoe vipande vya namba witiri, yaani 1, 3 na 5. Nyingine itoe vya shufwa, yaani 2, 4 na 6. Kila roli itatoa vitatu, na roli ya tatu itatoa cha 7 na cha 8. Ukuta umekamilika kwa roli tatu badala ya nne, bila ujanja wowote zaidi ya mpangilio wa kukata.

Ongeza roli moja ya akiba hata kama hesabu imetimia, na hakikisha namba ya toleo iliyochapwa kwenye kila lebo ni ile ile. Rangi za matoleo mawili ya nakshi moja huweza kutofautiana kidogo, tofauti isiyoonekana dukani lakini inayojitokeza wazi vipande vinapokaa bega kwa bega chini ya mwanga wa dirisha. Mzigo wa duka ukiisha, si ajabu toleo lile lisirudi tena.

Kuhusu uchaguzi wa nakshi, anayeanza mara nyingi huvutwa na mistari ya kusimama, akidhani ni rahisi kwa kuwa haina maua ya kulinganisha. Ni kinyume chake. Mistari hufichua kila kona iliyopinda, na kona za nyumba zetu nyingi zimepinda. Majani madogo yaliyosongamana yanasamehe zaidi, kwani jicho halipati mahali pa kushika kosa. Maua makubwa yaliyoachana yabaki kwa ukuta mmoja tu, kwa mfano ule wa nyuma ya kitanda, ambao hauna mlango wala dirisha.

Ukuta wenyewe unastahili siku kadhaa za uchunguzi. Katika ukanda wa pwani, kuta za matofali ya saruji hunyonya maji kutoka ardhini pale ambapo msingi haukuzuiwa unyevu, na dalili yake ni rangi inayobanduka kwa chini pamoja na unga mweupe wa chumvi. Hakuna gundi inayoshika juu ya chumvi hiyo. Kuikwangua hakutoshi, itarudi. Unyevu ndio wa kutibiwa kwanza, na hiyo ni kazi ya fundi ujenzi.

Pale ambapo dalili hazionekani, kipimo ni rahisi. Chukua kipande cha nailoni chenye ukubwa wa ukurasa wa gazeti, kibandike ukutani kwa tepu pande zote nne pasipite hewa, kisha ukiache kwa siku mbili. Matone yakionekana upande unaogusa ukuta, ukuta una maji. Yakionekana upande wa chumbani, tatizo ni hewa ya chumba. Ni busara kupima baada ya mvua za masika, si wakati wa kiangazi ambapo kila ukuta huonekana mkavu. Lipu mpya iachwe angalau mwezi mzima, na zaidi ikiwa imepigwa msimu wa mvua.

Lipo jambo jingine ambalo lebo haikuambii. Karatasi nyingi zina tabaka la plastiki, yaani vinaili, lisilopitisha mvuke. Chumba kikipozwa kwa kiyoyozi mchana kutwa, mvuke wa nje wenye joto hupenya ukuta kuelekea kwenye ubaridi, hukutana na plastiki hiyo na kugeuka maji nyuma yake. Ukungu huota mahali pasipoonekana, na mwenye nyumba hugundua kwa harufu au kwa madoa yaliyokwisha kupenya hadi mbele. Ni tatizo linalofahamika vema katika hoteli za nchi zenye joto na unyevu. Kwa ukuta wa nje wa chumba chenye kiyoyozi, karatasi ya kawaida au ya nyuzi isiyo na plastiki ni chaguo salama zaidi, hata kama haifutiki kwa urahisi.

Maandalizi yanayobaki ni ya kawaida. Chokaa ikwanguliwe yote. Rangi ya mafuta ipigwe msasa hadi ipoteze mng’ao, matundu yazibwe, na rangi ya maji ijaribiwe kwa kiganja: ukipangusa na mkono ukatoka na unga, karatasi nayo itatoka. Siku moja kabla ya kazi, paka ukuta gundi iliyochanganywa na maji mengi, ili usinyonye ghafla gundi ya karatasi.

Wapo wanaoshauri uji wa unga wa ngano au wa muhogo badala ya gundi ya dukani. Unashika, hilo halina ubishi, na mabango mengi ya mitaani yamebandikwa kwa uji. Lakini uji ni chakula cha mende na cha ukungu, wakati gundi nyingi za karatasi za ukutani huwa na dawa ya kuzuia ukungu. Akiba hiyo haina faida.

Siku ya kazi, zima umeme kwenye swichi kuu na ulegeze vifuniko vya swichi na soketi. Kisha tafuta mahali pa kuanzia, na mahali hapo si kwenye kona. Kwa maua makubwa, anza katikati ya ukuta ili nakshi ilingane pande zote mbili. Ning’iniza timazi kutoka juu, subiri itulie, na uchore mstari wa penseli kuifuata. Kipande cha kwanza kifuate mstari huo hata kama macho yanakuambia vingine, kwa sababu kila kipande kinachofuata kitarithi upinde wa kilichotangulia. Kabla ya kukata, amua pia ni wapi kichwa cha ua kitaangukia. Ua lililokatwa shingo na dari litakukera kila uamkapo.

Karatasi inayopakwa gundi yenyewe hutanuka inapolowa. Ikunje gundi ikiwa ndani, uiache kwa dakika zilizoandikwa kwenye lebo, na kila kipande kipewe dakika zile zile. Kilicholowa zaidi kitakuwa kirefu zaidi na maua yake hayatakutana na ya jirani. Zile za kupaka gundi ukutani hazina usumbufu huo, na ndizo ningempendekezea anayeanza. Endapo nakshi inagoma kulingana kutoka juu hadi chini, ilinganishe kwenye usawa wa macho, na kasoro ibaki karibu na dari na sakafu.

Lainisha kutoka katikati kwenda pembeni kwa brashi pana au plastiki laini, na ufute mara moja kwa sponji yenye maji gundi inayochomoza kwenye maungio. Ncha za juu na chini zikatwe kwa kisu chenye wembe mpya kikifuata rula ya chuma. Vunja wembe baada ya kila kipande. Ulio butu huchana karatasi mbichi badala ya kuikata.

Kona ya ndani haizungukwi kwa kipande kizima. Pima umbali hadi kwenye kona mara tatu, yaani juu, katikati na chini, chukua kipimo kikubwa, ongeza sentimita moja, kata kwa urefu na ubandike. Sehemu iliyobaki ibandikwe upande wa pili kwa mstari mpya wa timazi, ikilalia ile sentimita moja. Nakshi itapotea kidogo pale, na ni heri ipotee konani kuliko katikati ya ukuta. Karatasi yenye madini yanayong’aa isiingizwe kamwe chini ya kifuniko cha swichi, kwani hupitisha umeme. Ikatwe iishie pembeni yake.

Mwisho ni kukauka. Kishawishi katika joto letu ni kufungua madirisha yote na kuwasha feni au kiyoyozi, na hapo ndipo maungio hufumuka kwa kukauka kabla ya katikati. Funga chumba kwa saa 24 hadi 48. Ukiona mapovu madogo usiku wa kwanza usiyatoboe. Mengi hunywea yenyewe karatasi inapokaza. Yaliyosalia baada ya siku mbili yachanwe kwa ncha ya wembe, yatiwe gundi kidogo kwa brashi nyembamba na kukandamizwa.