Kutoka Mawe hadi Chaja: Umeme wa Kubebwa Korbesa

Skrubu nne, aghalabu zimefichwa chini ya vipira vya miguu au kibandiko cha nyuma. Zikishatoka, chaja ya betri nne haina siri tena: bodi ya kijani, njia nne zinazofanana kama pacha, chipu nyeusi katikati, basi. Ni kifaa cha kuenea kiganjani. Lakini Korbesa, katika kaunti ndogo ya Merti huko Isiolo, upande ambao Ewaso Ng'iro hutiririka kuelekea vinamasi vya Lorian, bodi hiyo ni ukurasa wa karibuni wa hadithi iliyoanza na mawe.

Mawe ndivyo Wakenya wengi wanavyoziita betri kavu za redio na tochi. Asili yake ni seli aliyoibuni Mfaransa Georges Leclanché mwaka 1866, na jiwe lenyewe ni toleo lake kavu la baadaye: kopo la zinki, kijiti cha kaboni katikati, unga mweusi wa manganizi umeshindiliwa kati yake, volti 1.5. Redio ya kwanza ya transista iliingia madukani Marekani mwaka 1954, na muongo uliofuata redio za namna hiyo zilisikika hadi kaskazini mwa Kenya. Huko hazikuwa anasa. Desemba 1963 serikali mpya ya Nairobi ilitangaza hali ya hatari kaskazini, dhidi ya waasi walioitwa Shifta, waliotaka eneo hilo lijiunge na Somalia. Waborana wa Waso, yaani wa bonde la Ewaso Ng'iro, wakakusanywa kambini, Merti ikiwa mojawapo. Nairobi na Mogadishu zilivutana hewani, na aliyekuwa na mawe mazima ndiye aliyesikia pande zote mbili. Vita vya Shifta vilimalizika mwaka 1967, mwaka uleule ambao kampuni ya Eveready iliandikishwa Kenya. Kiwanda chake cha Nakuru ndicho kilichosambaza betri zenye picha ya paka katika maduka ya nchi nzima, mpaka kilipofungwa mwaka 2014.

Jiwe likichoka, halikutupwa siku hiyohiyo. Lilianikwa juani. Wengi waliamini jua limelichaji, kumbe joto lilikuwa likiharakisha tu kemikali zilizobaki ndani, redio ikapata kuimba jioni moja zaidi. Likifa kabisa lilipasuliwa: kijiti kikawa kalamu ya watoto, na unga mweusi ukachanganywa na maji kupaka ubao wa shule. Kwa hiyo kupasua betri ili kuona kilichomo si udadisi wa jana.

Hatua ya pili ilikuwa betri ya gari. Mwaka 1984, katika shule ya sekondari ya Karamugi, Meru, Mmarekani Harold Burris alifunga taa za sola kwa ushirikiano na Mark Hankins, mwalimu wa kujitolea wa Peace Corps. Kazi hiyo imebaki kuwa mojawapo ya vianzio vya soko la sola Kenya. Paneli moja na betri moja ya volti 12 ziliwasha taa na televisheni ndogo isiyo na rangi. Asiye na paneli aliibeba betri hadi penye jenereta, akailipia chaji, akarudi nayo, kilo zake zote begani au juu ya punda.

Betri hiyo ilikuwa na kasoro yake. Ni seli sita za risasi, kila moja volti mbili hivi, zimepangwa foleni ndani ya sanduku moja, na mkondo mmoja hupita katika zote. Moja ikifa, sanduku zima limekufa. Zile tano nzima hazina pa kujitetea.

Kisha zikaja simu. M-Pesa ilipoanza Machi 2007, simu isiyo na chaji ikawa sawa na pochi iliyofungwa, na vijijini kuchajisha simu moja kwa shilingi 20 hivi kukawa biashara ya kila duka lenye paneli. Merti kwenyewe kulikuwa na kituo cha jenereta za dizeli kilichojitenga na gridi ya taifa. Isiolo pia ni mojawapo ya kaunti 14 zilizowekwa katika mradi wa serikali wa sola za nje ya gridi, K-OSAP, uliofadhiliwa na Benki ya Dunia kuanzia mwaka 2017.

Umeme ukiwa umekaribia hivyo, ndipo chaja ya betri nne inapoingia. Aina ya kale, iliyotengenezewa betri za nikeli-kadimi ambazo Waldemar Jungner wa Sweden alizibuni mwaka 1899, ukiifungua unakuta transfoma, daiodi na rezista chache. Haina akili. Betri ya miliampea-saa 600 ilipewa miliampea 60 kwa saa 14 hadi 16, iwe ilikuwa tupu au nusu. Mara nyingi betri zilichajiwa mbilimbili, nzima na mbovu katika njia moja, na nzima ndiyo iliyoumia.

Katika aina ya kisasa, kila betri ina transista yake ya kufungulia mkondo na rezista ndogo iliyoandikwa R100, yaani ohmu 0.1. Miliampea 500 zikipita hapo, volti 0.05 huonekana kwenye ncha zake, na kwa alama hiyo ndogo chipu hujua kila betri inakunywa kiasi gani. Betri ya nikeli ikijaa, volti zake hushuka kidogo sana baada ya kupanda. Chipu hukiona kishuko hicho na kufunga. Ya lithiamu hupelekwa hadi volti 4.2, kisha mkondo hupunguzwa taratibu.

Mzee wa Kiborana asingehitaji somo refu kuielewa chipu hiyo. Kwenye visima vya Waborana yuko aba herega, msimamizi wa zamu, anayejua mifugo ya nani inywe leo na ya nani ingoje. Chaja ya kale ilimwaga maji birikani na kwenda zake. Hii inasimama kisimani.

Wanaopenda kufungua wanapaswa kutofautisha aina mbili. Ile inayochomekwa moja kwa moja kwenye volti 240 ina kapasita inayoweza kushika volti 340 hivi hata baada ya waya kuchomolewa, na mtu akiigusa hatasahau. Ile yenye tundu la volti 12 haina hatari hiyo, tena hulishwa na betri ya sola au ya gari. Kwa mazingira ya Korbesa, ndiyo ya kununua.

Taa nyekundu isiyozimika kwenye njia moja ya chaja inaweza kueleza kuwa betri ile imekufa, lakini haielezi pa kuipeleka. Sheria ya usimamizi endelevu wa taka ya mwaka 2022 inamtaka anayeingiza bidhaa sokoni awajibike hadi mwisho wa maisha yake, ilhali betri nyingi bado huishia shimoni au malishoni, wanakopita mbuzi. Lori linaloleta bidhaa Merti hurudi Isiolo, safari ya zaidi ya kilomita 200, likiwa limebeba mifugo. Wenye maduka waweke katoni moja ya betri mbovu mlangoni, na lori hilo liishushe pamoja na mbuzi.