Mbwa Wako Amepunguza Mbio? Usimwite Mvivu

Msee, kama mbwa wako siku hizi anaamka kwa shida na hakimbilii geti ukifika, usidhani ni uvivu. Huenda amezeeka na viungo vinamuuma. Mbwa wakubwa kama German Shepherd huanza kuzeeka wakiwa na miaka 7 hivi. Wale wadogo huchelewa kiasi.

Macho yakiwa na ukungu, inaweza kuwa mtoto wa jicho. Mdomo ukinuka, cheki meno. Akinywa maji mob na kukojoa kila saa, huenda figo zimeanza kuchoka.

Lakini usijaribu kumpa Brufen ama Panadol zako, zinaweza kumuua! Dawa za maumivu za mbwa ziko, daktari wa mifugo ndiye hupima. Mpeleke kila miezi 6.