Hodi Iliyoishia Barazani



Imam Bukhari, katika kitabu chake Al-Adab al-Mufrad, ametuhifadhia khabari ndogo ambayo wengi huipita. Mpokezi mmoja wa kale aliviona vyumba vya wakeze Mtume (s.a.w.) huko Madina, navyo vilikuwa vya fito za mtende, vimesitiriwa kwa nguo za singa. Akaulizwa juu ya nyumba ya Bibi Aisha (r.a.): mlango wake ulikuwa wa bao moja au mawili? Akajibu kuwa ni bao moja, la mti wa arari au wa msaji.

Nyumba ya fito, lakini ina mlango wa ubao! Fahamu kuwa jambo hili lina sababu. Aya ya 27 ya Suratun Nur inamkataza mgeni kuingia bila ya idhini. Lakini aya ya 58 inasema na watu wa nyumba hiyo hiyo. Watumishi, na watoto wasiofikia baleghe, waombe idhini nyakati tatu: kabla ya Sala ya Alfajiri, adhuhuri watu wanapovua nguo, na baada ya Isha. Ibn Abbas (r.a.) alieleza kuwa watu wa wakati ule hawakuwa na mapazia, mtoto aliweza kumkuta baba yake na mkewe, kisha riziki ilipokunjuka wakapata mapazia, wakaiacha aya. Hebu yapime maneno hayo na hali yetu.

Sisi Waswahili tumeuenzi mlango wa mbele. Zanzibar na Lamu mafundi waliuchonga kwa nakshi za minyororo na maua, na juu ya kizingiti mara nyingine wakaandika aya. Heshima hiyo ilisafiri na misafara, ikapita Ugogo mpaka Unyanyembe. Tembe la Kwihara karibu na Tabora, alimokaa Livingstone mwaka 1872 kabla ya safari yake ya mwisho, lina mlango wa nakshi za kipwani. Na hodi zetu tatu, ambazo zinalingana na mafunzo ya Mtume (s.a.w.) ya kuomba idhini mara tatu, tunazipiga wapi? Mlangoni mwa mbele. Tukishapita hapo, hodi imekwisha.

Wagogo nao walikuwa na tembe zao za miti na udongo, paa bapa, zimelizunguka zizi la ng'ombe, na kila mke akiwa na vyumba vyake. Mbao zilikuwa haba, lakini mipaka ilijulikana. Operesheni Dodoma ya mwaka 1971 ikawahamisha watu wengi kwenye vijiji vipya. Mwaka 1973 Dodoma ikachaguliwa kuwa makao makuu. Na tangu Serikali ilipoanza kuhamia mwaka 2016, ujenzi haujapumzika.

Basi ingia katika baadhi ya nyumba hizo mpya. Geti la chuma, mlango wa mninga uliopigwa vanishi, dari ya sebuleni ina mapambo. Vyumbani je? Pazia, mwaka wa tatu sasa. Binti wa miaka kumi na minne anavaa nguo nyuma ya pazia hilo, na ujombani wamekuja vijana wawili kutafuta kazi. Msichana wa kazi analala koridoni. Baba ukimwuliza, atasema fedha zimeishia kwenye geti. Je, geti linamsitiri nani?

Wala mlango usiofungika sawasawa hautoshi. Mtu mmoja alichungulia katika tundu la mlango wa Mtume (s.a.w.), naye ameshika kitana cha chuma akijikuna kichwa, akamwambia kuwa angelijua anachunguliwa angelimchoma nacho jicho, kwani idhini imewekwa kwa sababu ya jicho. Sasa hapa Dodoma, ambapo kuanzia Mei mpaka Novemba mvua ni nadra sana, ubao ulionunuliwa mbichi husinyaa, na fremu ikaachana na ukuta. Mwanya huo huzibwa kwa mbao nyembamba zinazozunguka fremu, ambazo wenye nyumba wengi huzifuta katika hesabu wakizidhania ni urembo. Usizifute. Nunua mbao zilizokauka, mwambie fundi aanze na chumba cha mabinti, na komeo aliweke upande wa ndani.