Waya Uliopita Juu ya Vijiji



Katika mazungumzo yetu husikika mara nyingi maneno mawili yanayopingana. Wengine husema kwamba serikali haijui kujenga kitu, afadhali kazi zote wapewe wakandarasi. Wengine hujibu kwamba mkandarasi ni mwizi aliyevaa kofia ya chuma. Sisi tunaona kwamba maneno hayo yote mawili yanasahau jambo moja: mkataba una pande mbili. Ili tufahamu thamani na hasara ya wakandarasi katika kazi za umma, yafaa tutazame mfano wa historia yetu wenyewe ambao hata leo unaonekana kwa macho, yaani njia ya umeme itokayo Inga, katika Kongo ya Chini, mpaka Kolwezi.

Tulikuwa bado watoto wa shule wakati nchi ilipoitwa Zaire na Katanga ilipoitwa Shaba. Tulifundishwa kuisifu Inga, na kwa kweli maporomoko yale yanastahili sifa. Bwawa la kwanza lilianza kazi mwaka 1972 likiwa na uwezo wa megawati 351. La pili, lenye megawati 1,424, lilikamilika mwaka 1982. Lakini umeme mwingi hivyo ungetumiwa na nani? Viwanda vikubwa vilivyotazamiwa kujengwa karibu na bwawa havikuja. Ndipo macho yakageukia migodi ya shaba ya Gécamines, ambayo ilikuwa mbali sana, upande wa pili wa nchi.

Mwaka 1973 serikali iliamua kuvuta waya. Kazi kubwa ilikabidhiwa kampuni ya Marekani iitwayo Morrison-Knudsen, na sehemu kubwa ya fedha ikatoka katika mikopo ya benki za Marekani, ikisaidiwa na Eximbank, benki ya serikali ya nchi ile. Hapa tusimame kidogo, kwa maana vijana wengi hawaelezwi jambo hili. Benki ya namna ile hukopesha ili mkopaji anunue vitu na kazi za kampuni za nchi yake. Fedha hutoka benki ya Marekani na kuingia mfukoni mwa kampuni ya Marekani. Kinachobaki Afrika ni kazi iliyofanyika, pamoja na deni. Na mkandarasi hulipwa kwa nguzo alizosimamisha, si kwa faida ambayo nguzo hizo zitawaletea wananchi. Hakuna dhambi katika hilo. Ndiyo kazi aliyoajiriwa kuifanya. Kuuliza kama nguzo zinahitajika ni juu ya yule anayemwajiri.

Je, zilihitajika? Katanga haikuwa jangwa la umeme. Kati ya mwaka 1930 na 1956 Union Minière ilikuwa imejenga mabwawa manne, yale tunayoyaita leo Mwadingusha, Koni, Nzilo na Nseke. Palikuwa na mahali pengine pa kujenga kwenye mto Lualaba, kama pale Busanga, karibu kabisa na migodi. Basi kwa nini kuvuka nchi nzima? Wanahistoria wengi hutoa jibu la kisiasa. Katanga ilikuwa imejitenga na Kongo toka mwaka 1960 hadi 1963, na utawala wa Mobutu haukulisahau jambo hilo. Jimbo ambalo mitambo yake inategemea umeme wa Inga ni jimbo ambalo taa zake zaweza kuzimwa kutoka mbali. Tukikubali maelezo hayo, tunaona kwamba hasara ya kwanza haikuletwa na mkandarasi. Iliandikwa kabla yeye hajateremsha hata shehena moja bandarini.

Kisha mambo yakaharibika upesi. Kati ya mwaka 1974 na mwanzo wa 1975 bei ya shaba duniani ilianguka kwa zaidi ya nusu. Mwaka 1975 vita vya Angola viliifunga reli ya Benguela, na Zaire ikashindwa kulipa madeni yake. Mwaka 1976 ule mgodi mpya wa Tenke-Fungurume, mmoja wa wale waliotazamiwa kuutumia umeme huo, ulisimamishwa. Mwaka 1978, vita vilipoingia Kolwezi, wafanyakazi wa kampuni ile ya Marekani waliondolewa kwa ndege. Kila ucheleweshaji uliongeza gharama, na kila ongezeko la gharama lilidai mkopo mwingine. Wapo waliosema kazi ikomeshwe. Lakini nusu ya waya haina faida yoyote, na aliyekwisha kukopesha hapendi kuona alichokikopeshea kikiachwa porini. Kazi ikaendelea.

Ilikamilika mwaka 1982, miaka kadhaa baada ya muda uliowekwa na kwa gharama iliyopita sana makadirio ya mwanzo. Urefu wake ni kilomita 1,700 hivi, na wakati ule hapakuwa na njia ya umeme ndefu kuliko hiyo duniani. Hapa yatupasa kusema haki. Serikali ya wakati ule isingeweza kuijenga kwa mikono yake. Mafundi wa nje na vibarua wa nchi walisimamisha maelfu ya nguzo katika misitu, mabonde na mbuga za Bandundu na Kasaï, tena wakazisimamisha vema. Baada ya miaka zaidi ya 40, umeme wa Inga bado unafika Kolwezi kwa njia hiyo. Asemaye kwamba mkandarasi hana thamani aende akazitazame.

Lakini akiisha kuzitazama, ateremshe macho. Umeme ule husafirishwa kwa namna ambayo kijiji hakiwezi kuudokoa njiani. Hugeuzwa Inga, ukasafiri kwa nguvu ya volti 500,000, kisha hugeuzwa tena Kolwezi. Kuuchukua katikati kungedai kituo cha kugeuzia chenye gharama kubwa mno. Hivyo waya ulipita juu ya watu waliokuwa wakisoma kwa kibatari. Baadaye watu walianza kufungua vyuma vya nguzo na kuvifanya vitanda na zana nyingine. Tendo hilo lilikuwa wizi, nasi hatulitetei. Twasema tu kwamba ni vigumu kumfanya mtu awe mlinzi wa kitu kisichompa hata taa moja.

Kwa miaka mingi njia hiyo ilipitisha sehemu ndogo ya uwezo wake. Mgodi wa Kamoto uliporomoka mwaka 1990, na Gécamines yenyewe ikaanguka. Mkandarasi alikuwa amekwisha kwenda, nayo SNEL, shirika la umeme la taifa, ikabaki na mitambo ya kigeni na vipuri vya kununuliwa kwa dola ambazo haikuwa nazo. Ukarabati ulipoanza tena, ulifanywa kwa mikopo mingine na kwa kampuni nyingine za nje.

Na ile Busanga? Leo ina bwawa la megawati 240, lililojengwa na kampuni za Kichina chini ya mkataba wa Sicomines wa mwaka 2008, ambao ulibadilisha madini kwa barabara, hospitali na majengo mengine ya umma. Mwaka 2023 wakaguzi wa Inspection générale des finances walifungua vitabu vya mkataba huo. Waliona kwamba, kati ya dola bilioni 3 zilizoahidiwa kwa ajili ya miundombinu, ni milioni 822 tu zilizokuwa zimetolewa. Mwaka uliofuata mkataba ulijadiliwa upya, na ahadi ikapandishwa mpaka bilioni 7. Wakaguzi hao ni Wakongomani, wafanyakazi wa serikali, wanaolipwa mshahara. Walifika miaka 15 baada ya sahihi kutiwa.