Kigae Chenye Tundu

Mara ya kwanza kukiona nilikipita tu. Kilikuwa ndani ya kabati la kioo kwenye makumbusho, kimewekwa kati ya shanga na vipande vya sahani za China. Kigae cha chungu kilichovunjika, kimechongwa kikawa mviringo, ukubwa wake unazidi kidogo kizibo cha soda, na katikati kina tundu. Nikadhani ni kidude cha mchezo, au labda uzani wa wavu wa kuvulia samaki. Nikasogea kwenye sahani za China, maana ndizo zinazong'aa.

Niliporudi mara ya pili nilikuwa na rafiki yangu anayefundisha historia sekondari. Akaniuliza, "Hiki unakijua?" Nikamwambia cha wavuvi. Akacheka. "Hiki ni cha kusokotea uzi, bwana. Unatia kijiti kwenye hilo tundu, unakizungusha, pamba inakuwa uzi. Kilwa vimechimbuliwa vingi tu."

Kwa kweli niliona aibu, na nitakwambia kwa nini. Kwa miaka mingi, kila mjadala wa kanga na vitenge ulipozuka, mimi ndiye niliyekuwa nikisema: sisi watu wa pwani hatukuwahi kutengeneza nguo, tulivaa za watu. Kanga zilichapwa Ulaya na India, kitenge kina safari yake, merikani jina lake lenyewe linakwambia lilikotoka. Nilikuwa nikisema hivyo kwa kujiamini, na watu walikuwa wakiitikia. Sasa hapo mbele yangu kuna kigae kinanikanusha.

Tuanze na hadithi, maana hili ni jukwaa la wasomaji. Tarikh ya Kilwa, ile iliyoandikwa kwa Kiarabu mwanzoni mwa karne ya 16 na ambayo Mreno João de Barros naye alisimulia toleo lake, inaeleza jinsi mji ulivyoanza. Anakuja mgeni kutoka Shiraz kwa jahazi. Anakikuta kisiwa kina mwenyewe. Anataka kukinunua, na mwenye kisiwa anataja bei: nguo za kutosha kukizunguka kisiwa chote. Mgeni anakubali, nguo zinatandazwa, mwenyeji anahamia bara. Kisiwa kimeuzwa.

Ni hadithi tamu, na mimi nimeisimulia mara nyingi. Lakini tazama inavyofanya kazi. Nguo iko upande wa mgeni. Mwenyeji ana ardhi, mgeni ana kitambaa. Aliyeiandika aliandika kwa ajili ya masultani, na masultani walipenda kujulikana kuwa watu wa ng'ambo. Haikumhusu aliyekuwa amekaa uani na pamba mapajani.

Huyo alikuwepo. Neville Chittick alipochimba Kilwa Kisiwani kwenye miaka ya 1960, vile vigae vyenye tundu vilitoka ardhini kwa wingi. Mark Horton akavikuta tena Shanga, kisiwani Pate, alipochimba huko miaka ya 1980. Vingi ni vipande vya vyungu vya kawaida vya kupikia. Yaani chungu kimevunjika, mtu hakukitupa chote, akaokota kipande, akakisugua kingo mpaka kikawa duara, akakitoboa. Hiki si kifaa kilicholetwa na jahazi, kimetoka jikoni.

Na si vigae peke yake. Ibn Battuta alipita mwambao huu mwaka 1331, akashuka Mogadishu, Mombasa na Kilwa. Kuhusu Mogadishu aliandika kwamba pale hutengenezwa nguo zinazoitwa kwa jina la mji wenyewe, hazina mfano, na zinapelekwa mpaka Misri. Rudia kusoma hapo: zinapelekwa. Nguo inatoka Afrika Mashariki inakwenda Misri, nchi ambayo yenyewe ilisifika kwa vitambaa. Karibu miaka mia mbili baadaye, Mreno Duarte Barbosa anaeleza habari za Waislamu wa Sofala, kusini kabisa mwa njia ile ile ya biashara. Anasema wanalima pamba nyingi na kufuma nguo nyeupe. Wakitaka rangi, wanachukua nguo za buluu kutoka Cambay, India, wanazifumua uzi mmoja mmoja, kisha wanazifuma upya pamoja na uzi wao mweupe. Na Pate ilikuja kusifika kwa nguo za hariri ambazo Wareno wenyewe walizitafuta ili wakazifanyie biashara kwingine.

Hilo la Sofala lilinikalia kichwani siku nyingi. Mtu anafumua nguo nzima iliyokamilika ili apate uzi? Nikaona hakuna njia ya kulielewa ila kujaribu mwenyewe.

Nyumbani palikuwa na chungu kilichopasuka, kimegeuzwa kuwa cha kupandia maua. Nikaomba kipande. Kukisugua kwenye sakafu ya saruji mpaka kiwe duara kulinichukua mchana mzima, na viwili vilivunjika kwenye kutoboa kabla cha tatu hakijakubali. Nikatia kijiti cha mwanzi. Hicho kifaa mimi nakiita pia, kwa sababu kinazunguka kama ile pia ya watoto, na kazi ya kigae ni hiyo hiyo: kile kizito cha chini kikishashika kasi hakisimami upesi, na wakati kinazunguka mkono wako uko huru kuvuta pamba.

Pamba nililetewa na jamaa kutoka Shinyanga, ikiwa bado na mbegu. Unaichambua mbegu moja moja kwa vidole, unaitawanya mpaka ilegee kama wingu, unaikunja vitita vidogo. Halafu ndiyo kusokota. Unyuzi wa pamba ni mfupi, sentimita 2 au 3 tu. Ukivuta haraka unakatika, ukichelewa unajikunja vifundo. Wiki ya kwanza nilichopata kilifanana na utambi wa taa. Mwezi wa pili nikaanza kupata kitu unachoweza kukiita uzi, na nikajipima kwa saa ya ukutani: mita 15 kwa saa moja.

Sasa chukua kalamu tupige hesabu pamoja. Kanga ina urefu wa kama mita 1.5 na upana wa mita 1.1. Tuseme tunataka kitambaa kikavu, cha nyuzi 10 tu kwa kila sentimita. Mtande, yaani nyuzi zinazotandwa kwa urefu, ni nyuzi 1,100, kila moja mita 1.5: jumla mita 1,650. Mshindio, yaani nyuzi zinazopita kwa upana, ni 1,500, kila moja mita 1.1: mita 1,650 tena. Kwa hiyo kipande kimoja kinakula uzi wa kilomita 3.3. Kwa mwendo wangu ni saa 220, karibu siku 28 za kufanya kazi saa nane bila kugeuka. Tumpe fundi aliyezaliwa nayo mara nne ya kasi yangu: bado ni wiki nzima ya kusokota tu, kabla mfumaji hajagusa kitanda chake.

Baada ya hesabu hiyo, mambo mengi yalinyooka. Nikaelewa kwa nini watu wa Sofala hawakuona uchungu kufumua nguo ya Cambay: uzi uliokwisha kusokotwa, tena una rangi, ni mali mkononi. Nikaelewa pia kwa nini kuzungusha nguo kwenye kisiwa ilikuwa bei ya kuuzia kisiwa. Msikilizaji wa zamani aliposikia zile nguo, hakuona kitambaa tu. Aliona mikono ya watu maelfu na miezi yao. Sisi wa leo tunaisikia kama hekaya ya mwenyeji aliyedanganywa kwa vitambaa. Huenda waliosimulia walijua bei yake kuliko sisi.

Na nikaelewa kilichotuua. Mwaka 1833 Sayyid Said alitia saini mkataba wa biashara na Marekani, ulioletwa na Edmund Roberts. Meli za Salem, Massachusetts, zikawa zinakuja Unguja kuchukua pembe za ndovu na sandarusi, na zilichoshusha zaidi ni ile nguo nyeupe nzito ambayo mpaka leo tunaiita merikani. Ilisokotwa na kufumwa kwa mashine, na pamba yake ilichumwa na watumwa Waafrika wa kusini mwa Marekani. Msokotaji wa pia angeshindanaje na mashine inayoendesha mamia ya pia kwa pamoja, na shamba ambalo mchumaji wake halipwi? Merikani ikaingia bara mabegani mwa wapagazi ikawa ndiyo fedha. Hongo ikalipwa kwa nguo, chakula kikanunuliwa kwa nguo. Mikono minne ilikuwa shuka, mikono minane ilikuwa doti. Ukienda leo dukani ukasema "nipe doti ya kanga", unatumia kipimo cha msafara bila kujua.

Kusokota hakukufa siku moja. Richard Burton alipita Unyamwezi mwaka 1857, na katika kitabu chake cha mwaka 1860 ameeleza wafumaji wa huko na vitanda vyao vya kufumia. Lakini kazi ya wiki nzima ilikuwa imeshapata mpinzani asiyelala.

Kisha yakaja mageuzi ya ajabu kabisa. Wajerumani walipotawala Tanganyika waliitaka pamba, tena kwa nguvu. Kuanzia mwaka 1902 watu wa kusini walilazimishwa kulima mashamba ya pamba ya pamoja, kwa viboko na kwa malipo yasiyo na maana. Julai 1905, huko Nandete, Umatumbi, watu waliingia kwenye shamba la pamba wakaing'oa miche. Hapo ndipo Vita vya Maji Maji vilipoanza. Shuleni tulifundishwa habari za maji, risasi na Kinjekitile. Sikumbuki mwalimu akituambia tutafakari huo mche wenyewe. Nandete si mbali na Kilwa. Ni eneo lile lile ambalo ardhi yake imejaa vigae vya kusokotea. Pale ambapo zamani pamba ilikuwa inaishia mkononi mwa aliyeilima na kumvisha, sasa ilikuwa inaondoka mbichi kwenda kulisha viwanda vya watu. Mkulima alibakiwa na jembe, na nguo akauziwa.

Baada ya uhuru tulijenga viwanda vyetu. Urafiki, Dar es Salaam, kilifunguliwa mwaka 1968 kwa msaada wa China, na wapo wazee wanaokumbuka ving'ora vyake vya zamu. Lakini hata leo sehemu kubwa ya pamba ya Tanzania inasafirishwa nje kabla haijawa uzi. Sisemi turudi kwenye pia ya kigae, jamani, hesabu nimeshakupigia. Nasema tu kwamba "hatukuwahi" na "tuliacha" ni sentensi mbili tofauti. Ya kwanza inasema hatuna mikono. Ya pili inauliza nani alitunyang'anya kazi, kwa bei gani, na lini.

Lugha yenyewe haijasahau. Neno pamba limetoka Kiajemi, hariri ni Kiarabu, lakini uzi, kusokota, kupota, kutanda na kufuma ni maneno yetu ya zamani, na bado yanafanya kazi kutwa. Nywele zinasokotwa. Sigara inasokotwa. Tumbo likiuma tunasema linasokota, na kila aliyeumwa anajua neno jingine halitoshi. Mfinyanzi alikufa na jina lake, mfumaji vilevile. Ila kile walichokifanya kwa vidole tunakitaja kila siku.

Nilipokwenda kusini Unguja kumsalimia bibi yangu, nilichukua pia yangu na kibunda cha uzi nimwonyeshe. Bibi hajawahi kusokota pamba maishani, lakini usumba ameusokota tangu utotoni. Makumbi ya nazi yanafukiwa kwenye mchanga maji yanapokupwa, yanakaa miezi mpaka yaoze, yanafukuliwa, yanapondwa, na zile nyuzi zinapotwa kwa viganja kuwa kamba. Kwa kamba kama hizo ndizo mitepe ilishonwa zamani, mbao kwa mbao, bila msumari. Bibi mwenyewe haiti kazi hiyo historia. Anaiita kazi ya kutafuta ada ya shule, na mmoja wa waliolipiwa ada hiyo ni mama yangu.

Nikamwamkia, akaitikia marahaba, nikamwekea kibunda mapajani. Akakigeuza. Akavuta kipande cha uzi, akakishika kwa ncha mbili, akakivuta kidogo tu. Kikakatika.

"Huu hujaupota, mjukuu wangu," akasema. "Umeukunja. Uzi mmoja hausimami peke yake. Sokota miwili upande mmoja, halafu ipote pamoja upande wa pili. Hapo kila mmoja unataka kufunguka, na mwenzake unamzuia."

Akanyoosha miguu mkekani, akachukua nyuzi zangu mbili, akaziweka kwenye kiganja. Vidole vyake siku hizi havikunji vizuri, lakini kiganja kinajua njia. Akasugua mara moja mbele, akalegeza, zikajifunga zenyewe. Akanirudishia.

"Vuta."

Nikavuta. Haukukatika.