Fimbo ya Samaki Ina Historia, na Hiyo Historia Ndiyo Inakuambia Ukate Vipi

Wacha nianze na maoni yangu moja kwa moja, ndio usimalize bando zako bure: kama umeshika fimbo ya kuvulia samaki na hujui imetengenezwa na nini, usiikate. Hata sentimita moja.

Najua kuna mtu ameshaanza kucheka. Fimbo si ni fimbo? Unachukua msumeno, unapunguza, unashuka Nzoia. Lakini sivyo. Fimbo ya samaki imeishi maisha matatu: mwanzi, glasi, kaboni. Kila maisha yalikuja na njia yake ya kukatwa. Shida yetu sisi ni kwamba tumeletewa fimbo za maisha ya pili na ya tatu, na bado tunazikata kama za maisha ya kwanza.

Kabla sijaenda mbali, neno moja. Nikisema "ufito" hapa, namaanisha ule mwili mtupu wa fimbo, kabla haujafungwa mshiko, rili na zile pete za kupitisha mshipi. Msee anayejitengenezea fimbo yake hununua ufito mtupu, ama anachukua fimbo ya mtumba iliyovunjika ncha, anaivua kila kitu, halafu anaupunguza ufito mpaka ufikie urefu anaotaka. Hapo kwa kupunguza ndipo watu wanaumia, na ndipo pesa inapotea.

Sasa twende nyuma kidogo.

Maisha ya kwanza: mwanzi

Huku kwetu hatukuhitaji duka. Mlima Elgon una ukanda mzima wa mwanzi, na watu wa mlima wanaujua mmea huo mpaka kwa sahani. Upande wa Mbale, Uganda, machipukizi yake yakikaushwa kwa moshi yanaitwa malewa, na ni chakula cha heshima.

Mwanzi ni nyasi. Ndiyo, nyasi, jamaa wa miwa na mahindi. Una nyuzi ndefu zinazokimbia kutoka chini hadi juu, ndiyo maana unapinda bila kuvunjika. Unakatwa na panga, unanyooshwa kwa moto, unakaushwa, kazi imeisha. Vumbi lake ni vumbi la mmea tu. Ukikosea, unarudi kukata mwingine. Maarifa yote ya kukata yako kwa mkono wa mtu anayekaa karibu na wewe: babu, mjomba, ama yule kijana mkubwa wa mtaa.

Halafu ukaja mwaka wa 1905, na huo mwaka ningetaka uukumbuke, kwa sababu vitu viwili viliingia kwa maji yetu kwa wakati mmoja. Kwanza, nyavu za makila zikaletwa Ziwa Victoria upande wa Kenya. Pili, Ewart Grogan, yule mlowezi aliyejulikana kwa kutembea kutoka Cape hadi Cairo, akaleta mayai ya samaki aina ya trauti kutoka Loch Leven, Uskoti, yakawekwa kwenye mto Gura huko Aberdare.

Hizo mbili zinaonekana hazihusiani, lakini ziangalie vizuri. Nyavu zilikuwa za biashara. Ningu, samaki ambaye alikuwa akipanda mito kama Nzoia kwenda kutaga, akawa anategwa mdomoni mwa mto kabla hajapanda. Kufikia katikati ya karne, uvuvi wa ningu ulikuwa umeanguka. Trauti naye alikuwa wa mchezo. Walowezi walitaka mto wa baridi, samaki wa kwao, na fimbo ya kwao. Walipojaa Trans Nzoia baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, na reli ikafika Kitale mwaka wa 1926, mchezo ukafika na huku magharibi, kwenye maji baridi kama Suam, unaoanzia juu kabisa Mlima Elgon. Huku chini Webuye, ambayo wakati huo wakoloni waliiita Broderick Falls kwa sababu ya maporomoko yetu ya Nabuyole, maji ni ya joto, trauti hawezi.

Na fimbo ya mlowezi ilikuwa ya nini? Mwanzi! Si wa Elgon, wa mkoa wa Guangdong, China. Mafundi kama wa Hardy Brothers kule Alnwick, Uingereza, walikuwa wanaupasua vipande sita, wanavipiga randa viwe na pembe tatu, wanavigundisha pamoja kuwa fimbo moja yenye pande sita. Kwa hiyo mzungu pale Suam na kijana wa Kibukusu pale Nzoia wote walikuwa wameshika nyasi. Tofauti haikuwa akili. Tofauti ilikuwa nani ana karakana, nani ana soko, na nani anaandika kitabu cha maelekezo.

Maisha ya pili: glasi

Miaka ya 1940 Marekani, mkemia anaitwa Arthur Howald alivunja ncha ya fimbo yake ya mwanzi. Vita vilikuwa vinaendelea, mwanzi mzuri ulikuwa shida kupata. Akajitengenezea ncha kwa nyuzi za glasi zilizoshikwa na gundi ya plastiki. Ikafanya kazi. Baada ya vita kampuni ya Shakespeare ikaanza kuuza fimbo za glasi, na mwaka wa 1950, wakati wa vita vya Korea, Marekani ilipofunga biashara na China, mwanzi wa Guangdong ukakatika kabisa. Glasi ikachukua dunia.

Angalia kilichotokea hapo. Fimbo ilitoka kwa mmea ikaingia kwa kemikali, na kwa macho bado ilikuwa ni fimbo tu. Nyembamba, ndefu, inapinda. Lakini ukiikata, kinachoruka si unga wa nyasi tena. Ni vipande vidogo sana vya glasi pamoja na unga wa gundi. Vinaingia kwa ngozi, unajikuna siku mbili. Vinaingia kwa macho. Vinaingia kwa koo na mapafu.

Maisha ya tatu: kaboni

Miaka ya 1960, wanasayansi wa kituo cha ndege cha serikali ya Uingereza pale Farnborough walipata njia ya kutengeneza nyuzi za kaboni zenye nguvu ya ajabu. Lengo lilikuwa ndege, si samaki. Lakini mwaka wa 1973 kampuni ya Fenwick ya Marekani ikaanza kuuza fimbo ya kaboni, na leo hata fimbo ya bei ya chini unayoiona mjini, ile nyeusi inayong'aa, mara nyingi ina kaboni ndani, ama imechanganywa na glasi.

Kaboni ni nyepesi na ngumu, lakini ina tabia mbili za kuangalia. Ya kwanza, ukiibana inapasuka kwa urefu, na ufa unaweza kujificha chini ya rangi mpaka siku samaki mkubwa atakapovuta. Ya pili, inapitisha umeme. Sasa fikiria tunakaa wapi. Ukanda wa Ziwa Victoria ni mojawapo ya sehemu zenye radi nyingi zaidi duniani. Mawingu yakianza kujikusanya jioni na wewe umesimama kando ya Nzoia na kijiti kirefu cha kaboni kimeelekea juu, ama unapita nacho chini ya nyaya za stima, hiyo si ushujaa. Ilaze chini na uondoke.

Kwa nini hii inatuhusu Webuye

Mwaka wa 2009 serikali ilianza mpango wa kuchimba vidimbwi vya samaki, 200 kwa kila eneo bunge katika maeneo bunge 140, na kaunti zetu za magharibi zilikuwa ndani. Samaki wakasogea karibu na nyumba. Mwaka huohuo Pan Paper, kiwanda kilichofanya huu mji ujulikane, kikafunga. Mji ukabaki na watu wanaojua kazi ya mikono: kuchomelea, kukereza, kurekebisha mashine. Kwa hiyo ukitaka fimbo yako ikatwe, huendi mbali. Unapeleka jua kali, fundi anaibana kwa vaisi, anawasha grainda, sekunde tatu imekatika.

Na hapo ndipo mimi nakataa. Nimesikia ile hoja: "Babu zetu walikata bila maski na waliishi miaka tisini." Ni kweli. Babu zetu walikata nyasi! Wewe unakata kitu kilichobuniwa kwa ajili ya ndege.

Tusitishane pia. Hii si asbesto, na kukata mara moja hakutakuua. Lakini fundi hakati mara moja. Fundi anakata leo, kesho, mwaka ujao, na mtoto wake amekaa pembeni anacheza na vumbi jeusi.

Sasa, inakatwa vipi?

Jua kwanza unakata upande gani. Ukipunguza ncha, fimbo inakuwa ngumu zaidi, inataka mshipi mzito zaidi. Ukipunguza kitako, ncha inabaki laini vilevile lakini unapoteza nguvu za chini, zile za kumwinua samaki. Kama fimbo ni ya vipande viwili, usiguse pale vinapoingiliana, hapo ukikata havitashikana tena. Kata kidogo kidogo, upinde, usikilize mkono wako, ndio ukate tena. Ufito hauoti tena kama mwanzi.

Pima mara mbili, halafu zungushia tepu ya karatasi, ile ya mafundi wa rangi, na uweke alama juu ya tepu. Inazuia nyuzi kuchanika. Usitumie koleo, mkasi, panga wala kile kikata-bomba cha plamba, vyote vinabana na kuponda. Usiubane ufito kwa vaisi. Ushikilie juu ya kitambaa laini, ama uulaze kwa mbao iliyochongwa mfereji. Tumia msumeno wa chuma wenye meno madogo, 32 kwa inchi, ama kisahani chembamba cha kusaga. Usikate kwa kupita moja kwa moja. Zungusha ufito polepole, ukichora mstari pande zote mpaka ukutane na ulipoanzia. Malizia na msasa laini uliolowa maji.

Maji ndiyo siri yenyewe. Vumbi lililolowa haliruki. Fanyia nje, upepo ukitoka mgongoni mwako. Vaa miwani ya kazi, glavu, na maski ya N95, kwa sababu ile ya kitambaa haizuii unga mdogo namna hii. Ukimaliza usipulize, si kwa mdomo, si kwa kompresa. Pangusa na kitambaa chenye maji, na nguo za kazi zifue peke yake. Kama unatumia grainda, kumbuka vumbi la kaboni linapitisha umeme, likijaa ndani ya mashine linaweza kuiunguza.

Hiyo maski haifiki bei ya rili yako. Na kama umeajiriwa kwa karakana, hufai hata kuinunua: Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inasema mwajiri ndiye anayetoa vifaa vya kujikinga. Muulize bosi wako. Kwa heshima, lakini muulize.

Maoni yangu ya mwisho

Tunapenda kusema kwamba historia ni ya wale wanaosoma. Mimi naona historia ni ile karatasi ya maelekezo ambayo haikuwekwa kwa boksi. Fimbo ilisafiri kutoka Guangdong, Alnwick, Michigan, Farnborough, ikafika Webuye bila stori yake, na bila stori yake mtu anaishika kama anavyojua: kama mwanzi. Si ujinga wa fundi wetu. Amerithi maarifa mazuri kabisa, ila ni ya kitu kingine.

Mwaka wa 2020 serikali ya Kenya iliutangaza mwanzi kuwa zao la biashara. Kila mtu anaongea juu ya vijiti vya meno, makaa na fanicha. Mimi nauliza, mbona hakuna anayeongea juu ya fimbo za samaki? Wale mafundi wa Alnwick walikuwa na randa, gundi na subira. Randa tunazo. Kama kuna msee Bungoma ama Kitale anayepasua mwanzi vipande sita, ama anataka kujaribu, niandikie hapo chini. Na mpaka hapo, kama utakata ile nyeusi wikendi hii, lowesha kwanza.